Bastola ya Bei Chee Isiyopewa Nafasi Kabatini

Mjini Mansfield, jimbo la Ohio, hutoka bastola ambayo karibu kila mpenda silaha wa Marekani anaijua, na wengi huicheka kabla hata hawajaishika. Inaitwa Hi-Point C9. Ni pana, nzito na haina umbo la kumvutia mtu. Magazini yake hubeba risasi 8 za milimita 9, na kwa miaka mingi imeuzwa mpya kwa chini ya dola 200. Bastola za Glock, ambazo polisi wengi wa nchi hiyo huvaa kiunoni, kwa kawaida huuzwa kwa dola 500 kwenda juu. Mwaka 2019 kampuni iliwaomba watu wapendekeze jina la bastola yake mpya. Watu wakaleta jina la mzaha, wakalipigia kura kwa wingi, na mwishowe kampuni ikalipokea. Si wafanyabiashara wengi wenye moyo wa kuchekwa namna hiyo.

Pamoja na kujulikana kote huko, yapo maduka mengi ya bunduki ambako hutaiona. Kabati la kioo limepangwa Glock, Smith & Wesson, SIG Sauer na Ruger, mataa yamewashwa juu yake, na ukiulizia ya Mansfield utaambiwa, “Hizo hatuweki.” Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ambako mtu huanza kuhangaikia kibali kabla hajaota kuiona bunduki, anaweza kushangazwa na mambo mawili. La kwanza ni kwamba bastola huuzwa kabatini kama saa za mkononi. La pili ni kwamba yupo mfanyabiashara anayeikataa bidhaa yenye wateja, inayozalishwa kihalali nchini mwake, na ambayo fedha yake ingeingia leo hii. Hilo la pili ndilo linalonivutia.

Jibu la haraka la wauzaji ni ubora, nalo halikosi ukweli. Katika bastola nyingi za risasi za milimita 9, mtutu na kile kipande cha juu kinachorudi nyuma hushikamana kwa sehemu ndogo ya sekunde, hadi mgandamizo wa gesi upungue, ndipo viachane. Mashine ya namna hiyo huhitaji chuma cha pua kilichochongwa kwa vipimo vya makini, na uchongaji ni gharama. Hi-Point haina mshikamano huo. Kinachoizuia isifunguke mapema ni uzito wa kile kipande cha juu pamoja na springi yake, basi. Na kwa kuwa kipande chenyewe ni cha aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, ambayo haina nguvu za chuma cha pua, lazima kiwe kinene. Matokeo yake ni bastola ya gramu 800 na ushee bila risasi, wakati Glock 19 ya plastiki na chuma ina takriban gramu 600.

Lakini mtu mwadilifu atakubali kwamba kitu kibaya kwa sura si lazima kiwe kibovu. Hi-Point ina waranti ya maisha, na waranti hiyo huifuata bastola yenyewe wala si mnunuzi wa kwanza: hata ukiiokota kwa mtu wa tatu, kiwanda kitaitengeneza bure. Wapo wenye maduka wanaokiri kwamba wale wachache waliowauzia hawakurudi na malalamiko. Ikiwa ndivyo, basi ubora hautoshi kuwa sababu. Lazima tuingie nyuma ya kaunta.

Kwa kila bastola anayouza, mwenye duka hujaziwa na mnunuzi fomu ya serikali kuu namba 4473. Hukagua kitambulisho, kisha hupiga simu au huingia kwenye mfumo ulioanzishwa mwishoni mwa 1998 ambao huchunguza kama mnunuzi amewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, ana amri ya mahakama au ana kizuizi kingine cha kisheria. Akipewa ruhusa, huandika kwenye daftari la duka namba ya silaha, ilikotoka na inakokwenda. Kanuni iliyotolewa 2022 inamtaka atunze karatasi hizo kwa muda wote wa uhai wa biashara yake; zamani ilikuwa miaka 20. Kosa dogo la kalamu linaweza kumletea shida wakaguzi wanapokuja.

Sasa tupige hesabu ya kubuni. Tuseme duka hubaki na asilimia 15 ya bei. Bastola ya dola 180 itamwachia mwenye duka dola 27. Ya dola 600 itamwachia dola 90. Karani ni yuleyule, fomu ileile, dakika zilezile kaunta, hatari ileile ya kukosea tarehe. Toa makato ya kadi ya benki, toa umeme na bima, na zile dola 27 zinaanza kufanana na sadaka. Faida ya duka la bunduki, kama wafanyabiashara wenyewe wasemavyo, haimo sana kwenye bunduki. Imo kwenye risasi, ala za kiunoni, darubini, magazini za akiba, mafuta ya kusafishia na ada za kufundisha shabaha. Mtu aliyejipinda kupata dola 180 mara nyingi hana nyingine ya ziada, na hata akiwa nayo, watengenezaji wa ala hawajishughulishi sana na bastola za bei chee. Akichoka nayo akairudisha kuibadilisha na nyingine, muuzaji hana cha maana cha kumkatia, kwa sababu iliyotumika itakaa kabatini ikivuta vumbi.

Kuna pia suala la lawama. Mwenye duka la spea pale Kariakoo anajua kwamba mteja aliyenunua breki za bei ya kutupa hatazifuata kiwandani siku zikimsaliti. Atarudi kwake, tena kwa sauti. Muuzaji wa bunduki naye yuko hapohapo. Bastola ikikwama, mteja hurudi kaunta. Fundi wa duka, ambaye saa yake moja ya kazi inaweza kukaribia bei ya bastola yenyewe, huombwa aitazame “mara moja tu.” Akikataa, ameharibu jina. Akikubali, faida yote imekwenda na bado anadaiwa.

Hesabu hizo zingetosha kueleza kwa nini duka moja au mawili yanasita. Hazitoshi kueleza ile dharau, ile kauli ya “hizo hatuweki” inayotoka kama mtu ametajiwa najisi. Dharau hiyo ina historia, na sehemu kubwa yake ni ya kusini mwa California.

Mwaka 1968, baada ya kuuawa Martin Luther King na Robert Kennedy, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyozuia kuingizwa nchini silaha ndogo zisizofaa kwa michezo. Walengwa walikuwa bastola za bei ya chini kutoka Ulaya, zilizopewa jina la utani la bastola za Jumamosi usiku, yaani za ugomvi wa baa. Ila sheria ilifunga mlango wa bandari tu. Kutengeneza kitu kilekile ndani ya nchi hakukukatazwa, wala vipuri havikuzuiwa. Kampuni ya RG, yenye asili ya Ujerumani, ikawa inaunganisha bastola zake Miami. Moja kati ya hizo, iliyonunuliwa kwenye duka la rehani huko Dallas, ndiyo iliyompiga Rais Ronald Reagan mwezi Machi 1981.

Huko California, George Jennings alianzisha Raven Arms mwaka 1970 na kutoa bastola ndogo ya zinki iliyouzwa kwa chini ya dola 100. Ilitembea kama njugu. Mwanawe Bruce akafungua kiwanda chake, mkwewe akafungua Davis Industries, na rafiki wa familia akafungua Lorcin. Viwanda hivi vilizunguka jiji la Los Angeles kiasi kwamba daktari na mtafiti Garen Wintemute, katika ripoti yake ya 1994, aliviita pete ya moto. Kwa hesabu yake, mwaka 1992 viwanda hivyo vichache, vingi vyake vya ukoo mmoja na marafiki zao, vilitoa takriban theluthi moja ya bastola zote zilizotengenezwa Marekani.

Ni humo ndimo lilimotokea jambo ambalo wauzaji wa umri fulani hawajalisahau. Mwaka 1994 mtoto wa miaka 7 alipigwa risasi na mtu wa karibu na familia aliyekuwa anajaribu kuiondoa risasi ndani ya bastola ya Bryco, kampuni ya Bruce Jennings. Bastola hiyo iliundwa kwa namna kwamba huwezi kuifungua uitoe risasi bila kwanza kuondoa kizuizi cha usalama. Fikiria hilo: ili uifanye salama, sharti kwanza uifanye ya hatari. Mtoto alipooza. Mwaka 2003 jopo la wananchi waliosikiliza kesi hiyo huko Oakland liliamua Jennings na kampuni zake walipe takriban dola milioni 24. Bryco ikafilisika. Kijana yule na wenzake wakachangisha fedha wainunue mitambo na vipuri katika mnada, nia yao wayeyushe vyote. Walishindwa na mtu aliyetoa dola 510,000, msimamizi wa zamani wa kiwanda hichohicho, naye akaendelea kutengeneza bastola za ukoo uleule kwa jina jipya, Jimenez Arms. Nayo ilifilisika 2020.

Lorcin ilikuwa imeanguka kabla yake, Davis vilevile. Kwa mwenye duka, kufilisika kwa kiwanda kuna maana ya moja kwa moja: ile waranti aliyomsomea mteja ni karatasi tupu, na wakili anayetafuta mtu wa kumshitaki atakuta kiwanda kimefungwa, duka liko wazi. Mahakama ya juu ya Maryland ilikwisha kuonyesha mwaka 1985, katika kesi ya karani wa duka aliyepigwa risasi na majambazi, kwamba waliotengeneza na waliosambaza bastola za aina hii wanaweza kubebeshwa fidia. Bunge la jimbo likaifuta hukumu hiyo 1988, lakini kwa masharti: iundwe bodi ya kuorodhesha bastola zinazoruhusiwa kuuzwa. California nayo ilipitisha sheria ya majaribio mwaka 1999, ikaanza kutumika 2001: bastola idondoshwe bila kufyatuka, ifyatuliwe mara 600 bila kuvurugika zaidi ya mara sita. Illinois wakapita njia ya kemia. Wakakataza maduka kuuza bastola ambazo sehemu zake kuu ni za aloi ya zinki inayoyeyuka chini ya nyuzi 800 za Farenhaiti, sawa na 427 za Selsiasi. Zinki ya kalibu huyeyuka kama kwenye 390. Sheria haikutaja bei wala kampuni. Iliwasha jiko tu ikasubiri.

Majimbo mengine hayana sheria kama hizo, na huko uamuzi unabaki kwa mwenye duka. Duka moja la pembeni mwa jiji la Milwaukee, jimbo la Wisconsin, lilituachia mfano ambao nadhani una uzito kuliko hoja zote za wapenzi na wapinzani wa silaha.

Duka lenyewe liliitwa Badger Outdoors. Kila polisi anapokamata bunduki katika uhalifu, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, ATF, inaweza kuifuatilia kwa namba yake kutoka kiwandani hadi duka lililoiuza mara ya kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ufuatiliaji huo uliishia kwa Badger mara nyingi kuliko duka lolote nchini. Magazeti yakaandika. Mwezi Mei 1999, wiki chache baada ya mauaji ya shule ya Columbine, ambako moja ya silaha ilikuwa karabini ya Hi-Point, mwenye duka alitangaza kwa hiari yake kwamba bastola ndogo za bei chee hauzi tena.

Daniel Webster na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walilichunguza tukio hilo, na matokeo yao yakachapishwa 2006. Bunduki mpya kutoka duka hilo zilizokuwa zikiangukia mikononi mwa wahalifu zilipungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Katika jiji zima la Milwaukee, bunduki za uhalifu zilizokuwa zimeuzwa karibuni zilipungua kwa asilimia 44. Mtu mmoja alibadilisha orodha ya bidhaa zake, bila sheria mpya na bila askari wa ziada, na jiji likaona tofauti. Waliokuwa wakitegemea bastola hizo hawakukimbilia mara moja maduka ya jirani, jambo ambalo wengi wangeliapia kwamba lingetokea.

Habari isingeishia hapo, kwa sababu aibu nayo huhitaji kulishwa. Mwaka 2003 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kinachoitwa kwa jina la mbunge Todd Tiahrt wa Kansas, kikiibana ATF isitoe hadharani takwimu za ufuatiliaji. Magazeti hayakuweza tena kupata orodha ya maduka yanayoongoza. Watafiti walewale waliporudi Milwaukee waliona kwamba baada ya kifungu hicho, bunduki zilizohama kutoka duka hilo hadi kwa wahalifu ndani ya mwaka mmoja wa kuuzwa ziliongezeka hadi kama mara tatu. Mwaka 2009, duka likiwa chini ya jina la Badger Guns, kijana wa miaka 18, ambaye kisheria hakuruhusiwa kununua bastola dukani, alimlipa mtu dola 40 amnunulie. Mwezi uliofuata aliwapiga risasi maofisa wawili wa polisi. Walipona, wakiwa na majeraha ya maisha. Mwaka 2015 jopo la wananchi liliamua walipwe karibu dola milioni 6, kwa hoja kwamba karani angepaswa kumshtukia mnunuzi wa bandia. Wakati huo duka lilikwisha kupokonywa leseni.

Na bastola iliyoleta maangamizi hayo? Haikuwa ya zinki wala ya dola 100. Ilikuwa Taurus ya dola 400 na ushee.

Hapo ndipo hoja ya bei inapoanza kuvuja. Katika takwimu za ATF za 2017 hadi 2021, jina lililoongoza kati ya bastola zilizofuatiliwa lilikuwa Glock, fahari ya kila kabati. Wahalifu, kama watu wengine, walipanda daraja. Muuzaji anayedhani ameusafisha mlango wake kwa kuondoa bidhaa ya dola 180 na kubakiza ya dola 550 amejidanganya, asipokuwa ameongeza pia jicho la kumtazama anayenunua. Naamini mafanikio ya Milwaukee ya 1999 hayakutokana na zinki. Yalitokana na duka lililojua kwamba linatazamwa.

Upande wa pili wa kaunta yuko mtu ambaye hatajwi sana. Mama anayetoka zamu ya usiku, anayeishi mtaa ambao polisi huchelewa kufika, ana dola 200 wala hana 600. Katika nchi iliyoandika haki ya silaha kwenye katiba yake, “hizo hatuweki” ni kumwambia kwamba haki yake ina kiingilio. Wamarekani weusi wana kumbukumbu mahususi ya jambo hili. Mwaka 1879, miaka 14 tu baada ya vita vilivyokomesha utumwa, jimbo la Tennessee lilipiga marufuku uuzaji wa bastola zote isipokuwa zile kubwa za aina ya jeshi la nchi kavu na la majini. Maofisa wa zamani wa jeshi la Kusini walikwisha kuwa nazo. Wakulima walioachiwa huru wangezinunua kwa fedha gani? Sheria haikutaja rangi ya mtu yeyote.

Simwoni muuzaji wa leo kuwa mwanasheria wa Tennessee. Wengi wao wanahesabu dola 27 na kuchoka. Lakini wale wanaomcheka mteja maskini mbele ya kaunta, na dharau hiyo ipo katika biashara hii, wangejibu vizuri zaidi wakisema kweli: kwamba hawapati kitu, na kwamba wanaogopa simu ya ATF.

Woga huo una msingi. Ukimuuzia mtu mmoja bastola mbili au zaidi ndani ya siku tano za kazi, sheria inakutaka uiarifu serikali, na ni bastola za bei chee ambazo mchuuzi wa magendo anaweza kumudu kuzichukua kwa mkupuo. Duka ambalo silaha zake nyingi hukamatwa mapema baada ya kuuzwa huweza kupelekewa barua ya kudai taarifa za ziada. Kwa miaka ya karibuni kizingiti kimekuwa silaha 25 kwa mwaka, zilizokamatwa ndani ya miaka mitatu ya kuuzwa. Walmart, ambayo haiogopi bei ya chini ya kitu chochote duniani, iliacha kuuza bastola karibu nchi nzima tangu 1993.

Soko lenyewe limeanza kuubana ubishi huu. Ruger, Taurus na Smith & Wesson sasa wana bastola za chuma na plastiki ambazo, ofa zikiwapo, hushuka hadi kati ya dola 200 na 300, kwa hiyo muuzaji ana cha kumwonyesha mwenye fedha kidogo bila kuona haya. Bei chee nayo ina visa vyake hata kwenye majina makubwa. Taurus ilikubali 2015 kumaliza kesi iliyohusu karibu bastola milioni moja zilizodaiwa kuweza kufyatuka zikianguka.

Na anayetaka Hi-Point kwa vyovyote vile ataipata. Atakwenda duka la rehani, au ataiagiza kwenye intaneti. Sheria haimruhusu muuzaji wa jimbo jingine kumpelekea nyumbani. Sharti ipitie kwa mwenye leseni aliye karibu naye. Mara nyingi mwenye leseni huyo ni yuleyule aliyemwambia “hizo hatuweki.” Atampokelea kifurushi, atamjazisha fomu 4473, atapiga simu ya uchunguzi, ataandika namba ya bastola kwenye daftari lake na kutoza ada yake, dola 25 au 40, bila kufunga hata senti ya mtaji. Siku bastola hiyo ikiokotwa mahali pabaya, ufuatiliaji wa ATF utafika dukani kwake, kwa sababu jina la mnunuzi limo kwenye daftari lake.